Timu Yake Ikishuka Daraja, Usicheke Kwanza

Mwezi huu tuongee kitu ambacho wengi tunakichukulia kama utani, kumbe kinabomoa nyumba za watu taratibu: timu ya mwenzi wako inapofungwa kila wiki.

Yaliyonikuta ni ya msimu wa 2023/24. Mimi kazi yangu iko Kilosa mjini, mume wangu yuko Mikumi. Katikati kuna kijiji kinaitwa Ulaya, basi kila Ijumaa nilikuwa nakwenda Ulaya bila pasipoti, nafika kwa mume wangu na vumbi hadi kwenye kope. Tulishakubaliana, wikiendi ni yetu wawili.

Tatizo lilikuwa moja. Mimi ni Yanga, mwenzangu ni Mtibwa Sugar wa kufa na kuzikana.

Kwa wale wasiofuatilia mpira, Mtibwa si timu ya kubeza. Wakata Miwa wa Turiani walibeba ubingwa wa Bara 1999 na wakarudia 2000. Katika miaka 20 na zaidi iliyofuata, kombe hilo lilitoka mikononi mwa Simba na Yanga mara moja tu, Azam walipolichukua 2013/14. Mwaka 2018 Mtibwa wakatwaa na Kombe la Shirikisho, wakiifunga Singida United 3-2 kule Arusha.

Lakini msimu ule, jamani! Mechi 30, timu 16, na Mtibwa wakamaliza mkiani. Baba watu akitoka kibanda umiza unamjua kwa hatua tu. Napika wali na kuku wa kienyeji, haliwi. Namsemesha, ananijibu "mmh". Nikaanza kujiuliza kama nyumba ndogo imeingia. Kumbe nyumba ndogo yenyewe ilikuwa inavaa bukta!

Jumamosi moja ya Aprili nikanyanyua kibubu chetu. Tulikuwa tunaweka hela za mabati, maana kuta za nyumba yetu zilikuwa zimeshasimama. Kibubu chepesi kama ungo. Kumbuka, funguo anazo yeye. Nikamuuliza, akakiri bila hata kunitazama: alikuwa anaweka mikeka, kila wiki anaipa Mtibwa ushindi. Wiki ikipita bila ushindi, anaongeza dau.

Nilinuna wiki tatu. Halafu ikafika Jumatatu, Mei 13, 2024. Yanga wakatwaa ubingwa wao wa 30, na waliyemfunga siku hiyo, 3-1, pale pale Manungu, ni Mtibwa. Kilosa ikalipuka kwa mavuvuzela. Na mimi, shosti, nikachukua simu nikamtumia meseji: "Asante kwa ubingwa, mume wangu. Na mabati yetu mtarudisha lini?"

Akazima simu siku mbili.

Ijumaa nikafunga safari nikiwa nimejiandaa kwa vita. Nikamkuta kakaa barazani, hata taa hajawasha. Akaniambia kitu ambacho nilikuwa nakijua nusu tu. Baba mkwe alikuwa mkata miwa. Alikuwa anampakia mwanawe kwenye baiskeli, wanakwenda Manungu. Alipozeeka, kila mechi ikiisha alikuwa anampigia simu, wanalalamika wee mpaka salio linakata. Mzee alifariki mwanzoni mwa 2023. "Mechi ikiisha nachukua simu," akasema, "halafu nakumbuka hakuna wa kumpigia."

Nilikuwepo msibani, nikapika, nikalia. Ila msiba ulipoanuliwa nikadhani umekwisha. Kwa mwenzangu ulikuwa unarudi kila mechi, na mimi nilikuwa nacheka.

Sasa msinielewe vibaya. Uchungu wake haukumpa ruhusa ya kula mabati yetu, na nilimwambia hivyo usiku ule ule. Aliomba msamaha, na mimi nikaomba wa ile meseji. Hayo ni makosa mawili, kila mtu akabeba lake. Ukiyachanganya, mnaishia kupigizana kelele kuhusu mpira wakati mnachogombania ni hela na msiba.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, mwenzio akinyamaza kila baada ya mechi, usikimbilie kukagua simu yake. Muulize timu hiyo alianza kuishangilia na nani. Utani wa Simba na Yanga ni mtamu, lakini timu ikishuka, subiri azungumze yeye kwanza. Na hela ya nyumba isikae mahali ambapo mtu mmoja anaweza kuifikia akiwa na hasira. Sisi tulifungua akaunti benki, haitoki shilingi bila sahihi zote mbili. Kibubu tumekivunja.

Mtibwa walicheza Championship msimu wa 2024/25, wakaibuka mabingwa na kurudi Ligi Kuu. Sisi tumeezeka vyumba viwili, sebule bado inaangalia mbingu. Mikeka ameacha, na siku akitamani ananiambia, jambo ambalo zamani asingelithubutu.

Na mechi ikiisha, simu yangu inaita. Offside siijui vizuri hadi leo, lakini nasikiliza mpaka salio likate.

Tukutane mwezi ujao. Pendaneni.