Liemba na majina yaliyozama

Jamani, kuna hadithi imenichosha. Kila ikiandikwa habari ya mv Liemba lazima tusimuliwe "maajabu ya Wajerumani". Eti iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikavushwa bahari hadi Dar, kisha ikapelekwa Kigoma. Mafundi watatu, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, wakaiunganisha upya ufukweni. Februari 1915, vita ikiwa imepamba moto, ikashushwa majini kwa jina la Graf von Goetzen.

Sawa. Mimi nina swali la kitoto tu: watu watatu wanaunganishaje meli ya mita 70? Nani alibeba makasha? Nani aligonga ribiti juani? Ni Waafrika na Wahindi. Haya, nitajie jina la mmoja wao. Huwezi, na mimi siwezi.

Wapo watakaosema, "Lakini utaalamu ulikuwa wa Wajerumani." Sikatai. Wapeni haki yao. Ila utaalamu bila mikono ya watu ungebaki kwenye makasha hadi leo. Hata reli iliyoyafikisha Kigoma ililazwa kwa jasho la Waafrika.

Halafu tazama hilo jina. Von Götzen ndiye alikuwa gavana Maji Maji ilipoanza mwaka 1905. Askari wake walichoma mashamba na maghala, njaa ikaua makumi ya maelfu. Miaka kumi baadaye wananchi wa koloni lile lile wanagongeshwa vyuma vya meli yenye jina lake, ibebe askari na shehena za vita isiyowahusu!

Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe, wakiwa wamepaka injini grisi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Tangu hapo ndipo ikawa yetu kweli: dagaa, mahindi, abiria, wakimbizi wa Kongo waliorudishwa kwao mwaka 1997, na Warundi waliokimbia mwaka 2015. Hiyo ndiyo historia inayostahili kuandikwa kwanza. Ya grisi ifuate.

Tatizo si Wajerumani. Wao wametunza majina ya watu wao. Sisi je? Mafaili ya utawala wao yapo Nyaraka za Taifa, Dar. Ujiji na Kigoma zipo familia za siku nyingi. Nani amekwenda kuuliza? Tunasubiri mzungu aje atuandikie, halafu tulalamike kaandika vibaya.

Tulishawahi kufanya hivi. Kariakoo imepata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita hiyo hiyo. Walikufa kwa maelfu. Leo tunapita pale kununua viatu, wala hatuulizi.

Pale Kigoma liwekwe bao la wajenzi wa meli ile. Majina yakikosekana, liachwe na nafasi tupu, tuone aibu yetu kila tukipanda.

Naomba kutoa hoja.