Pua ya pili Seoul: kamera zipo, ila siku 30 zinatosha?

Wadau, leo twende Korea Kusini. Pale Gangnam, jijini Seoul, kliniki za kurekebisha sura zimebanana kama maduka ya Kariakoo. Watu wanaenda kunyanyua pua. Baadhi yao wanarudi tena, na safari hii wanafuata kurekebisha kilichoharibika: pua imepinda, imefupika, au hata kupumua ni tabu.

Hapo ndipo kasheshe linapoanza. Pua ya marudio si suruali useme utamrudishia fundi apunguze. Ndani kuna makovu, na gegedu, ule mfupa laini unaoshikilia pua, pengine lilishakatwa. Kule wengi huwekewa silikoni. Ikihama au ikiingia vijidudu, inatolewa, halafu daktari anachukua gegedu la sikio au la ubavu kujengea upya. Na kwa kawaida unasubiri kama mwaka mzima kwanza, uvimbe uishe na makovu yalainike.

Sasa tuje kwenye sheria. Korea ilitikiswa na kashfa ya madaktari vivuli: unakubaliana na daktari mwenye jina, ukishalala anaingia mwingine kushika kisu. Mwaka 2016 kijana mmoja alivuja damu nyingi kwenye upasuaji wa taya, baadaye akafariki. Mama yake alipigania haki akitumia picha za kamera za kliniki yenyewe. Bunge likapitisha sheria 2021, ikaanza kazi Septemba 2023: chumba ambamo mgonjwa anapasuliwa akiwa hana fahamu lazima kifungwe kamera, na akiomba, arekodiwe.

Safi sana. Lakini hebu tuangalie hesabu. Kliniki inatakiwa kutunza picha angalau siku 30. Pua inachukua miezi kutulia. Siku unajitazama kwenye kioo unagundua umeharibiwa, picha zinaweza kuwa zilishafutwa zamani!

Nionavyo mimi, sheria hii inamfaa zaidi aliyeumia palepale mezani. Huyu wa marudio anahitaji karatasi: nani alipasua, alikata nini, aliweka nini. Daktari wa pili naye anaihitaji ili asiingie gizani. Kwa hiyo nakala ya faili idaiwe mapema, kabla hata bandeji haijatoka, wakati bado mnacheka na daktari. Mkishagombana itakuwa ngoma nzito.

Haya wadau, mnaionaje hii? Mwageni maoni hapo chini.