Hasira bila dosye ni kelele tu



Mwaka jana tulienda watu saba mu ofisi moja ya serikali, hapa kwetu Lualaba. Tulikuwa na swali moja tu: feranga za madini, zile ambazo sheria inaipa komine, zimefanya kazi gani? Mukubwa alitupokea vizuri, akatupa viti. Kisha akauliza: "Bana, muko na nini mu mikono?"

Kila mmoja wetu alikuwa ameona kitu. Mmoja aliona tablo ya malipo ndani ya rapoti. Mwingine aliona picha ya kibao kinachoahidi madarasa. Tukafungua telefone, tukaanza kutafuta. Goli za Mazembe, picha za ndoa, vichekesho, tena goli. Dakika kumi zikapita. Mukubwa akaangalia saa yake. "Mutarudia siku mutapata." Tulitoka, na hakuna aliyefungua kinywa mpaka ku lango.

Ile siku tulisikia haya, juu sisi ndio tuko na diplome. Chuoni tuliandika memware, kila sentensi na chanzo chake. Lakini mambo ya inchi yetu tunayapitia haraka haraka ku ekra: tunakasirika, tunatuma mu kikundi, tunalala. Kisha siku mbili picha imezikwa chini ya salamu za asubuhi. Viongozi wanajua hivyo. Hawana haja ya kuficha kitu. Wanangoja tu tusahau.

Maoni yetu ni haya: kijana anayetaka mabadiliko aanze kuweka note. Si kukusanya kila kitu. Swali moja, dosye moja.

Chukueni mfano wa madini. Sheria iliyobadilishwa mwaka 2018 inagawa redevance hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komine, sekta au sheferi ambako mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Hiyo ni note ya kwanza, mistari minne. Note ya pili ni tablo kutoka rapoti za ITIE, zinazoonyesha kampuni zimelipa nini. Ya tatu ni tablo za ministeri ya bijeti zinazoitwa "état de suivi budgétaire": upande mmoja feranga zilizopigiwa kura, upande mwingine zile zilizolipwa kweli. Katikati ya zile safu mbili ndimo barabara na madarasa vinapotelea. Ya ine ni picha yetu wenyewe ya mahali kazi ilipaswa kufanyika.

Kapture peke yake haitoshi. Tuliwahi kukata tablo vibaya, tukaacha juu ule mstari unaosema "mu milioni za feranga". Hesabu yote ikaharibika. Sasa kila note iko na vitu vitano: kichwa cha tablo, kipimo chake, ukurasa wa rapoti, anwani ya mahali tuliipata, na tarehe. Kama ukurasa unaweza kufutwa kesho, tunauhifadhi pia ku archive.org. Na picha muhimu hatuitumi ku WhatsApp kama picha, juu inapoteza tarehe na mahali pake. Tunaituma kama dokima.

Tukiri kosa letu pia. Mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilipolipuka, hata sisi huku mbali tulituma picha za moto bila kuuliza zimetoka wapi. Zingine hazikuwa za Goma hata kidogo. Ndugu zetu walikuwa wanakimbia na watoto usiku, na sisi tuliwaongezea woga. Kama tungekuwa na desturi ya kuandika chanzo kabla ya kutuma, tungenyamaza.

Wengine watasema: mega ni bei, umeme unakatika. Ni kweli. Lakini note ya maandishi haina uzito. Mmoja apakue rapoti mahali kuna Wi-Fi, wengine wapate kwa Bluetooth. Tena msiache kila kitu mu intaneti. Baada ya uchaguzi wa 30 Desemba 2018 walikata intaneti karibu siku ishirini. Programu kama Joplin ni ya bure na inafanya kazi bila mega. Wekeni kopi moja ku kadi, ingine kwa mtu munayemwamini.

Na muwe waangalifu. Telefone inaweza kunyanganywa. Wekeni kode. Majina ya waliotupa habari yasikae mu note, na sura za wamama wa soko na za watoto zifichwe mbele ya kutuma. Dosye ni ya kuuliza wakubwa, si ya kutia wadogo mu hatari.

Mwezi wa tatu tulirudia ile ofisi. Safari hii tulikuwa na karatasi ine. Mukubwa ni yule yule. Alisoma tablo mpaka mwisho, akarudia mustari mmoja na kidole. Hakutukaripia, hakucheka. Jibu hatujapata mpaka leo. Lakini aliweka muhuri na tarehe ku kopi yetu, na ile kopi nayo sasa ni note ya tano.

Ukosefu wa kazi umetuachia kitu kimoja: wakati. Tusiumalize wote ku ekra. Leo usiku, mbele ya kulala, chagua swali moja la mutaa wako: maji, shule, daraja. Fungua note moja. Andika tarehe.

Siku tutaulizwa tena "muko na nini mu mikono?", tusitafute.