Upande wa Magharibi Kuna Jipya

Waisifuo filamu ya Edward Berger ya mwaka 2022 hutuhesabia Oscar zake nne. Picha zake nzuri, sikatai. Lakini Paul Bäumer alikufa lini? Katika riwaya ya Erich Maria Remarque ya 1929, alikufa Oktoba 1918, siku tulivu mno hata taarifa ya jeshi ikasema tu kwamba upande wa magharibi hakuna jipya. Maneno hayo ndiyo jina la kitabu, na uchungu wake wote umo humo: kijana amekufa, wala si habari. Berger amemwua Novemba 11, katika shambulio la kishindo, vita vikikaribia kusimamishwa. Hiyo ni habari kubwa! Jina limebakizwa, maana imezikwa. Mfasiri akifanya hivyo, hatumpi tuzo.