Dada Staa, Biskuti Tumeziona, Ila na Lile Paketi Tumeliona

Najua wengi mmekuja mbio kutafuta jina. Jina sitoi, mnanijua. Nikisema ni mwanadada aliyewahi kutamba hapa mjini, kisha akaolewa na Mjerumani na sasa makazi yake ni huko huko, wenye akili zenu mmeshamjua. Wengine kaeni hivyo hivyo.

Ubuyu wenyewe ni huu. Jumapili ya kwanza ya Advent, yaani ile ambayo Wajerumani wanawasha mshumaa wa kwanza kati ya minne kusubiri Krismasi, dada yetu akaposti klipu yuko jikoni. Aproni nyeupe haina hata chembe ya unga. Kucha ndefu kama za paka. Mkononi trei ya biskuti zilizopinda kama mwezi mwandamo, na maneno kwamba ameamka alfajiri kuoka kwa mikono yake, kama alivyofundishwa na mama mkwe. Sasa nyuma yake, pale kwenye kona karibu na birika, kuna paketi la dukani limefunguliwa, lina picha ya biskuti zile zile. Wabongo hawana dogo. Ndani ya nusu saa skrinishoti imezunguka magrupu yote.

Povu likatoka pande mbili. Kuna waliosema ameumbuka, mwongo. Na kuna waliosema eti amejisahau, anajifanya Mzungu, mbona hapiki maandazi, biskuti ndo nini mpaka mtu ajirekodi. Mi hawa wa pili ndo walionikera zaidi, na nitawaambia kwa nini, maana na mimi nilishawahi kuwa mmoja wao.

Dada yangu wa damu yuko Ujerumani, mji mdogo karibu na Dresden. Alienda kwa ule mpango wa kuishi na familia unalea watoto wao, wanakupa chumba, chakula na hela ya mfukoni, na wewe unajifunza lugha. Desemba yake ya kwanza kule ilimtesa. Saa kumi jioni giza limeshaingia, baridi, na Kijerumani chenyewe bado anaokoteza. Anasema alikuwa anajifungia bafuni kulia ili watoto wasimwone.

Aliyemtoa humo ni bibi wa ile familia. Wao wanamwita Oma. Siku moja akamgongea mlango, akampa aproni, akamwonyesha meza. Hawakuelewana hata sentensi tatu, ila siagi haihitaji lugha. Walianza na hizo hizo za mwezi mwandamo, zinaitwa Vanillekipferl. Asili yake Austria, ila Ujerumani nyumba nyingi zinapika. Unga wa ngano, siagi ya kutosha, sukari kidogo na lozi zilizosagwa. Oma haweki yai kabisa. Unakanda, unaweka kwenye friji donge likaze, halafu unakata vipande, unasukuma viwe kama kidole, unapinda. Kwenye oveni ni dakika kumi na kitu tu, na hazitakiwi kubadilika rangi. Kazi iko hapa: zikitoka bado za moto inabidi uzigaragaze kwenye sukari ya vanila, na zikiwa za moto zinavunjika hata ukizitazama vibaya. Trei ya kwanza ya dada karibu yote ilikatika. Akadhani atasemwa. Oma akachukua vipande, akala, akamsogezea na yeye. Baadaye ndo akaelewa kwamba zilizovunjika ni haki ya waokaji, nzima zinaingia kwenye kopo la bati.

Na hazipikwi za aina moja. Kuna Zimtsterne, nyota za mdalasini, hazina unga wa ngano hata kijiko, ni lozi, ute wa yai, sukari ya unga na mdalasini, halafu juu unapaka ute mweupe. Kuna Lebkuchen, hizo ndo maarufu za Nürnberg, na aina yao ya juu kabisa inayoitwa Elisen lazima angalau robo yake iwe lozi au njugu za namna hiyo. Kuna kiumulio wanachotumia kwenye Lebkuchen, jina lake maana yake ni chumvi ya pembe za kulungu, dada anasema ukifungua tu pakti unadhani kuna mtoto kajikojolea. Kikiiva harufu inaisha yote.

Ila kilichomchekesha dada ni mkate wa Stollen. Dresden ndo kwao. Una zabibu kavu, lozi, siagi, na juu unafunikwa sukari nyeupe. Watu wanasema umbo lake ni mtoto Yesu amefungwa nguo. Zamani kipindi cha Advent kilikuwa cha kufunga, siagi marufuku, kwahiyo walikanda kwa mafuta na ukawa mkavu hauna ladha. Basi watawala wa Saxony wakaenda kumwomba Papa ruhusa ya siagi! Mwaka 1491 Papa Innocent VIII akakubali, na ruhusa yenyewe ililipiwa. Jamani, watu wamepeleka ombi Roma kwa ajili ya siagi. Halafu mwaka 1730 mtawala wao mmoja, August, akaagiza Stollen mmoja wa karibu tani 1.8 kwa ajili ya sherehe ya jeshi lake. Sasa nyie mnaouliza biskuti ndo nini, mjue mnaongea na watu wenye historia yao.

Na hiyo historia haiko mbali na sisi kama mnavyodhani. Unachonusa kwenye Lebkuchen ni mdalasini, iliki, tangawizi na karafuu. Karafuu! Wafanyabiashara wa Hamburg walikuwa na maduka yao Zanzibar tangu karne ya 19, na mwaka 1859 miji yao ya biashara ikasaini mkataba na Sultani. Dada anasema siku Oma alipomfungulia kile kikopo cha karafuu alinusa akasikia Eid ya nyumbani kwa bibi yetu Tanga, vileja na visheti vinapikwa usiku kucha, na sisi watoto tunatumwa na sahani kwa majirani. Hata hiyo ya sahani ipo. Wanajaza biskuti zao wanagawiana, na mkesha wa tarehe 24 kila mtu ana sahani yake yenye biskuti, njugu na machungwa madogo. Sa huyo anayeoka na mama mkwe wake amejisahau wapi? Mbona kama ndo amekumbuka?

Sasa nirudi kwenye dhambi yangu. Dada alipomaliza kuoka siku ile alipiga picha kopo limejaa, akatuma kwenye grupu la familia. Furaha yake ya kwanza tangu afike. Mjomba akajibu, "Mmeshiba huko, na sisi tukumbukeni." Binamu akaomba hela ya kodi. Mimi, mjanja wa mjini, nikaandika, "Wenzetu mnakula bata tu." Na vikatuni vya kucheka vitatu.

Hakutuma picha tena mpaka mwezi wa tatu. Siku nilipomuuliza aliniambia kitu sijakisahau: "Mdogo wangu, mimi nawaonyesha biskuti, nyie mnaona hela." Ile siku mfukoni alikuwa na euro nane na mwezi haujaisha.

Ndo maana dada staa amenikwaza, na sio kwa kununua. Kununua si kosa! Wajerumani wenyewe wananunua, kule Lebkuchen zinaingia supamaketi mwezi wa tisa watu bado wamevaa kaptula. Ungesema tu, nimechoka, nina mtoto mdogo, nimenunua, karibuni chai. Tungekupenda zaidi. Ulichofanya ni kuchukua kitu ambacho utamu wake wote uko kwenye kuchafuka, ukakionyesha kisafi. Nani anaoka siku nzima na kucha zile? Mama mkwe mwenyewe yuko wapi kwenye klipu? Na una wafuasi wengi kuliko mimi mara mia, na nusu ni mabinti wanaoamini maisha ya Ujerumani ni aproni nyeupe na taa za mishumaa. Wananijia inbox kila wiki, "Dada nipe mchongo na mimi niende." Nikiwaambia kuhusu giza la saa kumi wanasema nina wivu.

Kama unasoma hapa, na najua unasoma kwa sababu ulishawahi kunitumia povu, rudia ile klipu. Muite mama mkwe. Tuonyeshe trei iliyoungua. Kiki utapata tu, wala usiogope.

Kwetu huku kopo lilifika mwaka jana, dada alimpa mtu aliyekuwa anarudi likizo. Vanillekipferl zote zilikuwa vumbi. Tulizila kwa kijiko na chai ya rangi, mama akilamba sukari kwenye vidole na kuuliza zinapikwaje. Bei ya lozi aliposikia Kariakoo akaguna, akasaga karanga. Oveni hatuna, ni sufuria juu ya mkaa na makaa mengine juu ya mfuniko. Zilitoka nyeusi chini, ila mezani hazikulala. Nikapiga picha na ule weusi wake nikatuma kwenye grupu, na dada ndo alikuwa wa kwanza kujibu: "Zilizovunjika niwekeeni."

Haya, uwanja ni wenu. Ambaye ameshaoka chochote kikamshinda aje atuambie hapo chini. Na ukitaja jina la mtu nafuta komenti.