Merdi: saa ya sheria inaenda, na dosie iko wapi?

Kila mara mashua inazama, tunasikia maneno yaleyale: ajali, pole sana, mapenzi ya Mungu. Sisi tunaongeza neno lingine, lenye liko mu sheria ya Congo tangu 1940: homicide involontaire. Ni kusema, kuua mutu bila kukusudia. Na kosa hilo liko na saa yake. Kwa watu wa Merdi, kama hakuna kitu kimefanyika mbele ya sheria, saa inasimama tarehe 3 Oktoba 2027.

Mukumbuke. Tarehe 3 Oktoba 2024, MV Merdi ilitoka Minova, ikazama karibu kabisa na bandari ya Kituku, hapa Goma, watu wakiona kwa macho toka kando ya ziwa. Vita ilikuwa imekata barabara ya Goma–Minova tangu mwanzo wa mwaka ule. Mama mwenye kuuza vyakula, mwanafunzi, mugonjwa, wote walibaki na njia moja tu: ziwa. Wenye kupona walisema mashua ilijaa kupita kiasi. Gavana wa Sud-Kivu alitangaza kama watu 278 walikuwa ndani na 78 wamekufa, kisha zikatoka hesabu zingine zenye hazikulingana na yake. Hesabu ya maiti ikitofautiana hivyo, mujue kama mashua ilifunguliwa kamba bila liste ya kuaminika. Hata namna ya kulilia wafu wetu kwa majina walitunyima.

Wengine kati yetu tulisoma droit na diplome zinalala mu sanduku, basi leo zifanye kazi kidogo. Kifungu cha 52 cha Code pénal, Livre II, kinasema mwenye hatia ni yule mwenye kuleta mabaya kwa kukosa kuona mbele ama kukosa kujihadhari, bila nia ya kumudhuru mutu. Musome vizuri: «yule mwenye kuleta». Hakisemi kapiteni peke yake. Mwenye mashua mwenye kuhesabu pesa ya tiketi na hapana viti, anaweza kuwa yule. Ajenti wa serikali mwenye kazi ya kuzuia mashua isitoke, mwenye kuona imejaa na kuifungia macho, yeye pia anaweza kuwa yule. Jije ndiye wa kusema nani alikosa kuona mbele. Lakini jije hawezi kusema kitu kama hakuna dosie mbele yake, na kwetu dosie inazoea kufia kwa kapiteni, zaidi kama kapiteni mwenyewe alizama.

Na malipizi? Kifungu cha 53: miezi mitatu hadi miaka miwili, pamoja na amande. Mwizi wa kawaida, mwenye kuchukua simu yako bila kukupiga, kifungu cha 80 kinamupeleka hadi miaka mitano. Wandugu, mufanye hesabu wenyewe.

Ubaya mwingine wa sheria hii ni kwamba inaweka mu kapu moja derva mwenye alikengeuka sekunde moja na mutu mwenye kupakia mashua kupita kiasi kila juma, akijua. Si lazima iwe hivyo. Uingereza, kuua kwa uzembe mukubwa ni kosa lenye uzito wake, na kifungo kinaweza kufika maisha yote. Mu 1994 majaji wao wakubwa walikazia hatia ya daktari wa ganzi mwenye hakuona kama bomba la hewa ya mugonjwa limechomoka, wakasema swali ni moja: je, uzembe ulipita kiasi hadi kustahili kuitwa kosa la jinai? Kisha mu 2007 wakaweka sheria ya kushitaki hata kampuni yenyewe. Hatutaki kuiga Uingereza kwa kila kitu, hapana. Tunaomba wabunge wetu watenganishe kukengeuka na dharau ya maisha ya watu.

Lakini tusingoje wabunge, juu sheria mupya haitarudi nyuma kuhukumu mambo ya 2024. Tuko na hii ya 1940 tu, na kwa kosa lenye kifungo chake hakipiti miaka mitano, mashtaka yanazeeka kisha miaka mitatu. Kitendo cha uchunguzi ama cha mashtaka, kikifanyika ndani ya muda huo, kinaanzisha hesabu upya. Kusipokuwa kitendo, mwenye hatia anatembea huru kwa jina la sheria.

Tangu mwisho wa Januari 2025 Goma iko mikononi mwa AFC/M23, na tribinali za Jamhuri hazikai tena mu muji. Familia nyingi zimekata tamaa hapo. Tunawaambia: kosa hili ni la tribinali ya amani, na sheria inafungua milango mitatu, si mumoja. Pale kosa lilifanyika, pale mushitakiwa anakaa, ama pale anapatikana. Mutu akikimbilia Kinshasa ama Beni, jije wa kule anaweza kumuhukumu. Tena familia haifungwi kungoja prokireri: inaweza kumuita mushitakiwa moja kwa moja mbele ya tribinali, kwa ile wanaita citation directe. Ni avoka na makaratasi vinakosekana, na prokireri mwenye alilipwa kwa kazi hiyo asifikiri tumemusahau.

Kwa hiyo mwenye kupoteza mutu mu Merdi aweke vitu hivi mahali pa usalama, kopi mbili, moja inje ya muji: jina kamili la marehemu, karatasi ya kifo ama ya hospitali, ujumbe wa mwisho wa simu, picha na video za siku ile zikiwa na saa yake, majina ya watu wawili wenye walimuona akipanda pale Minova. Vijana wa avenue mumoja muzunguke nyumba kwa nyumba mukiandika, kwanza kwa wamama wenye hawana simu.