Chipu ya Zamani si Aibu, Kuificha Ndiyo Aibu

Yapo maneno yanayosemwa juu ya mafundi wa umeme wa magari, kwamba hutoa chipu za kumbukumbu katika kompyuta zilizotupwa na kuzitia katika kompyuta za injini, ambazo wenyewe huziita kontroli boksi. Wako wanaowaita wadanganyifu. Wako wanaowasifu kuwa mabingwa. Sisi twaona kwamba kila upande umesema nusu ya maneno. Na kwa kuwa jambo lenyewe lahusu riziki ya dereva, heshima ya fundi na roho za abiria, yafaa lisemwe lote.

Kwanza tukifahamu kitu chenyewe. Injini ya kisasa haipimiwi mafuta na kabureta kama zamani. Ndani ya kontroli boksi imo chipu iliyoandikwa majedwali ya hesabu: injini ikizunguka kwa kasi hii na kubeba mzigo huu, nozeli ifunguke kwa muda gani, na plagi ipige cheche wakati gani. Chipu hiyo ikifa, hesabu hupotea, na gari husimama ingawa pistoni na gia zake ni nzima. Ndipo mwenye gari huambiwa anunue boksi zima, hali kilichokufa ni kipande kisichofika urefu wa kidole.

Katika magari mengi ya miaka ya 1980 na 1990 kipande hicho hakikuwa kitu cha ajabu. Honda za mwanzo wa miaka ya 1990, kwa mfano, zaweza kutumia chipu ya namba 27C256, yenye miguu 28 na nafasi ya kilobaiti 32. Chipu za ukoo huo huo ziliwekwa katika kompyuta za mezani za nyakati zile, kuhifadhi maagizo ya kuwashia mashine. Mgongoni ina kidirisha. Ikiwekwa chini ya taa ya urujuanimno kwa dakika 20 hivi, maandishi ya zamani hufutika, nayo ikawa tayari kuandikwa upya. Basi fundi aitoaye katika kompyuta iliyokufa, akaifuta, akaiandika hesabu za injini ya aina ile ile na kuitia lehemu mahali pake, hakumwibia mtu. Amefanya kazi ya akili na mikono.

Tena ameokoa mali. Mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vyombo vya umeme, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kushughulikiwa ipasavyo. Hata matajiri wa viwanda walionja uhaba. Mwaka 2021 Toyota ilitangaza kupunguza kwa asilimia 40 magari iliyokusudia kuunda mwezi wa Septemba, kwa kukosa vipuri, chipu zikiwamo. Mwaka 2022 Peter Wennink, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya ASML ya Uholanzi, alieleza kwamba kampuni moja kubwa ilikuwa ikinunua mashine za kufulia nguo ili kung'oa chipu zilizomo. Ikiwa mabepari hawakuona haya, kwa nini fundi wa Kariakoo achekwe? Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufunza kujitegemea, na kujitegemea huanza na kuvithamini vilivyo mkononi.

Lakini nusu ya pili ya maneno ni nzito, wala hatutaifunika. Chipu ya kompyuta ya mezani kwa kawaida imeundwa kuvumilia joto la nyuzi 0 hadi 70. Chipu ya gari, hasa boksi likikaa karibu na injini, hutakiwa kuvumilia hata nyuzi 125. Chipu iliyotenda vyema juu ya meza ya fundi yaweza kushindwa basi lipandapo mlima Kitonga limejaa watu. Tena chipu za siku hizi zinazofutwa kwa umeme huchakaa kwa kuandikwa mara nyingi. Mwaka 2021 Tesla iliyaita magari yapatayo 135,000 huko Marekani kwa sababu chipu za kumbukumbu za skrini zake zilikuwa zikichakaa, na kamera ya nyuma huzimika nazo. Hizo zilitiwa zikiwa mpya. Itakuwaje ile iliyokwisha kutumika miaka kumi na mtu hajui?

Kwa hiyo twasema hivi. Fundi amwambie mwenye gari waziwazi, na aandike katika stakabadhi: chipu ni ya namba gani, imetoka wapi, imejaribiwaje. Mali bila daftari huisha bila habari. Gari la kuchukua abiria lisitiwe chipu isiyoundwa kwa joto la gari. Nayo yaweza kuokolewa katika kontroli boksi jingine lililokufa, bila kuagiza ng'ambo. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, na SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, ziwape mafundi hawa mafunzo, vyombo vya kupimia joto na cheti, kwani kumkamata fundi usiyemfunza ni uonevu.

Nao watengenezaji wa magari wasikae na siri ya matengenezo kama hirizi. Katika jimbo la Massachusetts huko Marekani, wananchi walipiga kura mwaka 2012 kuwalazimisha wawape mafundi wa nje maarifa na vyombo vile vile wanavyowapa mawakala wao. Haki iliyopatikana kule kwa kura, mfanyakazi wetu asiiombe kwa kupiga magoti.

Ndugu mafundi, kazi yenu ni ya heshima. Ifanyeni mchana kweupe. Nanyi madereva na wenye magari, msiulize bei tu, ulizeni na asili ya kitu mnachotiliwa. Chipu ya zamani iliyopimwa na kuandikwa katika daftari ni mali ya taifa. Iliyofichwa ni mtego, na atakayenaswa ni abiria aliyelipa nauli yake akitaraji kufika.